Mkekani Hasemi Mtu

Daktari hakumficha kitu. Alimwambia kavukavu kwamba uvimbe umeshakishika kisanduku cha sauti, kwamba ukiachwa utamuua, na kwamba ukitolewa utaondoka na sauti yake yote. Atapumua kwa tundu la shingoni. Hatasema, hatanong'ona, hata mluzi hatapiga, kwa sababu pumzi haitapita tena mdomoni. "Uamuzi ni wako," akasema daktari, kana kwamba hapo palikuwa na uamuzi.

Mtu mwingine angetoka chumba kile akimwaza mkewe, au kaburi. Yeye alitoka akiuwaza mnara. Alikaa kwenye benchi la hospitali, ameshika tama, watu wanampita na vikaratasi vyao, akawa anajiuliza jambo moja tu. Nani atawaambia wapande? Na wakishapanda, jamani, nani atawaambia washuke?

Walimwita Mwalimu, ingawa kazi yake ilikuwa kupaka rangi majumba ya watu. Kila jioni alinawa rangi mikononi, isitoke yote, akaenda kwenye ghala kuukuu nyuma ya karakana ya magari, ambako kundi la vijana lilikuwa likimngoja. Walitandika turubai juu ya magodoro ya zamani, wakaliita mkeka, na juu ya mkeka huo akawafundisha sarakasi. Mnara ndio uliokuwa fahari yao. Watatu wanasimama chini, bega kwa bega. Wawili wanasimama juu ya mabega yao. Na juu kabisa, karibu na mabati, anasimama mmoja amenyoosha mikono.

Huyo wa juu alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake, kibinti chepesi walichokiita Sisimizi, ambaye Mwalimu na mkewe walimlea tangu hajaota meno. Na chini, katikati, panapoangukia uzito wa wote, alisimama msichana mpana wa mabega aliyeitwa Jiwe, kati ya mapacha wawili. Jiwe alifanya kazi kwa dobi. Alikuja ghalani akiwa mtoto wa kunyonya kidole, na sasa alikuwa dada mzima, mkongwe kuliko wote mkekani. Maneno yake yalikuwa machache popote. Mkekani hayakuwapo kabisa.

Na hayakuwapo kwa sababu ya sheria.

Ukweli usemwe, sheria yenyewe haikuwa ya kijinga. Siku za mwanzo wale watoto walikuwa na kelele kama kuku waliomwagiwa mahindi. Huyu anasema panda, yule anasema ngoja, wa tatu anacheka. Siku moja mtoto akasikiliza kelele isiyo yake, akapanda bega ambalo lilikuwa halipo, akavunjika mtulinga. Mwalimu alimbeba mwenyewe mpaka hospitali, na aliporudi akawapanga ukutani akawaambia: "Kuanzia leo, mkekani hasemi mtu ila mimi. Ukiumia, nitaona. Ukichoka, nitaona. Sauti yangu ikikuambia panda, panda. Ikinyamaza, ganda hapohapo ulipo. Na macho yote mbele, hakuna kugeuka, hata watu wakipiga makofi mpaka mabati yang'oke."

Na kweli aliona. Alikuwa na macho ya kusoma uso. Jiwe akikunja kipaji tu, Mwalimu anachelewesha hesabu. Pacha mmoja akimeza mate vibaya, Mwalimu anasema shuka. Hakuumia mtu tena. Watoto wakakua, wakaota ndevu na vifua, wakaanza kazi zao, lakini sheria ikabaki palepale, kama mama anayeendelea kumtafunia chakula mtoto mwenye meno yote mdomoni. Na mtu akizoea kutafuniwa, ebo, mbona si vibaya? Hakuna aliyelalamika.

Basi, siku ya pili baada ya kuonana na daktari, Mwalimu akapiga moyo konde. Aliingia ghalani, akavuta kiti akakaa, akawaambia kwa sauti ambayo tayari ilikuwa inakwaruza: "Leo amueni wenyewe. Mimi nihesabuni kama mgeni."

Walimkodolea macho. Hakuna aliyejongea. Halafu kijana mmoja waliyemwita Redio, ambaye nje ya mkeka mdomo wake ulikuwa haupumziki, akajaribu: "Haya basi, mapacha, shikeni."

"Wewe nani wa kutuambia sisi tushike?" akauliza pacha mmoja.

"Si Mwalimu kasema?"

"Kasema tuamue. Hakusema utuamulie."

Weee! Ndani ya muda wa kufunga kamba ya kiatu, watu walikuwa wameshikana mashati. Wadogo wakaanza kuruka ovyo kwenye magodoro. Msichana mmoja akachukua mfuko wake akaenda zake. Na katikati ya vurugu ile Jiwe alikuwa amekwishachuchumaa mahali pake, mikono magotini, macho mbele, akingoja aambiwe. Sisimizi alikuja akamshika Mwalimu suruali. "Baba mkubwa," akasema, machozi yanamlengalenga, "kwani tumekukosea nini?"

Mwalimu akainuka kwenye kiti. "Nyamazeni!" akapiga kelele kwa sauti yote iliyokuwa imebaki. Ghala likawa kimya. Nyuso zikatulia, zikashukuru, na yeye mwenyewe, aibu gani hii, moyo wake ukatulia pia.

Nyumbani mkewe alikuwa mashineni, anashona. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na tangu wachumbiane alimwita Baba Kelele. "Baba Kelele, unatembea kama mwenye msiba. Kuna nini?"

Akamsimulia. Mkewe akasimamisha mashine.

"Mimi mwanafunzi akija siku ya kwanza namshika mkono. Namwambia kata hapa, na asiniulize kwa nini. Akishauzoea mkasi, namuuliza, wewe ungekata wapi? Akiharibu tunafumua wote wawili. Akishaiva, namwachia kitambaa cha mteja naenda zangu sokoni. Wewe wako wameiva siku nyingi, na bado umewashika mkono. Halafu leo umeamka, umeuachia ghafla, umekwenda sokoni. Ulitaka washone nini?"

"Sina muda wa kufumua."

"Unao mpaka siku ya kulazwa."

"Huo si muda, mke wangu. Hicho ni kikohozi."

"Basi kohoa nao vizuri," akasema mkewe, akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka akageukia dirishani.

Angemsikia! Siku zile chache zilikuwa zinatosha kuanza. Angemuuliza Jiwe, wewe unaonaje hapo chini? Angemwacha Redio atoe amri moja na Jiwe nyingine, yeye yupo pembeni, mkono karibu. Lakini hofu haina masikio. Badala ya kuulegeza mkono akaukaza. Aliwafanyisha mnara mpaka miguu ikawatetemeka, shika, panda, simama, juu, shuka, kana kwamba sauti ni rangi na akipaka mikono mingi haitabanduka. Jioni ya mwisho kabla ya kulazwa mnara ulitoka safi ajabu. Hakuna aliyeyumba. Alipomaliza aliwakumbatia mmoja mmoja, na hakuweza kusema kitu, wakati sauti bado ilikuwa yake.

Hakujua kwamba Redio alikuwa ameiweka simu yake juu ya dirisha, inarekodi.

Alipoamka hospitali alitaka maji, akafungua mdomo kuyaomba, na kilichotoka ni upepo shingoni. Hapo ndipo alipoelewa. Kuambiwa ni kitu kingine. Mkewe alimshonea vitambaa vyepesi vya kufunika lile tundu, vya rangi mbalimbali, akamtania kwamba sasa atakuwa mtanashati, na bado alimwita Baba Kelele. Mwalimu alicheka bila mlio. Usiombe kuona mtu mzima anayelia na kilio hakisikiki, mabega tu yanapanda na kushuka.

Aliporudi ghalani, kibao kidogo cha chaki kikiwa kinaning'inia kifuani, alitegemea kukuta nusu yao wameshatawanyika. Walikuwapo wote. Walikuwa wanatabasamu kama watu waliomficha mtu zawadi, na zawadi yenyewe ilikuwa spika kubwa ya kuazima imewekwa pembeni ya mkeka. Redio akabonyeza simu.

"Shika," ikasema spika.

Ilikuwa sauti yake. Nzito, nzima, haina mkwaruzo mwingi, na nyuma yake zinasikika pumzi za watoto wake. Akakaa. "Panda," ikasema sauti. Wakapanda. "Simama." Wakasimama. "Juu." Sisimizi akapanda migongo na mabega mpaka kileleni, akanyoosha mikono, na Mwalimu akaona kwamba amenyang'anywa sauti na hakunyang'anywa kitu.

Kila jioni ikawa hivyo. Na hapa ndipo dhambi yake ilipo, kama ni dhambi mtu kuikumbuka sauti yake. Alikaa kwenye kile kiti, kitambaa shingoni, na spika ilipoanza kusema alifumba macho. Alifumba ili aisikie vizuri. Yule mtu wa kusoma nyuso alikuwa amefumba macho. Spika nayo haina macho tangu kiwandani.

Hivyo hakumwona Jiwe akipandisha bega la kulia kila mara kabla ya neno panda. Hakumwona akilikanda pembeni. Kwa dobi walikuwa wameharibikiwa na mashine ya kukamulia, na Jiwe alikuwa anakamua mashuka kwa mkono tangu asubuhi. Siku ambayo sauti ilirekodiwa bega lake lilikuwa zima, kwa hiyo hesabu zilikuwa za haraka, zinazomfaa mtu mzima. Zamani angekunja kipaji na hesabu ingemsubiri. Sasa alikunja kipaji, na hesabu ikaendelea na safari yake. Hakumwambia mtu. Angemwambiaje? Ukiumia, nitaona. Ndivyo alivyoambiwa akiwa mtoto, na akaamini. Kama Mwalimu hasemi kitu, basi haijawa maumivu ya kusemwa.

Siku ya onyesho ghala lilijaa. Walikuja wazazi, walikuja mafundi wa karakana na ovaroli zao, akaja dobi mwenyewe na familia yake. Mke wa Mwalimu alikaa mbele, amemshonea Sisimizi vazi la manjano. Mwalimu alisimama pembeni ya mkeka, na kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama, safari hii hakufumba macho.

"Shika," ikasema spika.

Jiwe na mapacha wakashikana. Mwalimu akamtazama Jiwe usoni. Ule haukuwa uso wa mtu aliyechoka. Midomo ilikuwa myeupe. Bega la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto.

"Panda."

Redio akapanda upande wa kulia, mwenzake upande wa kushoto, kila mmoja mguu mmoja kwa pacha na mguu mmoja kwa Jiwe. Mwalimu akafungua mdomo. Upepo ukatoka shingoni, kitambaa kikapepea. Hakuna kitu.

"Simama."

Wakasimama. Watu wakashangilia. Goti la Jiwe likatetemeka.

Akapiga makofi. Ndicho pekee kilichomjia, apige makofi kwa nguvu, wageuke, wamwone. Akapiga, akapiga, mikono juu ya kichwa, anakimbilia mkekani. Na watazamaji, loo, walipomwona mwalimu mwenyewe anapiga makofi kwa furaha namna ile, nao wakapiga. Ghala zima likapiga. Makofi yake yakazama ndani ya makofi ya watu kama tone la maji ndani ya pipa. Na wale sita macho mbele, hawageuki, hata mabati yang'oke. Alikuwa amewafundisha vizuri.

"Juu," ikasema sauti yake.

Sisimizi akaanza kupanda. Kwa nini asipande? Baba mkubwa amesema juu.

Mwalimu akaiona picha nzima kabla haijatokea, vazi la manjano linakuja chini kichwa mbele, na nje ya godoro ni saruji tupu. Akaruka kwenye spika, akaushika waya, akaung'oa. Ghala likasikia mkwaruzo, kisha kimya. Makofi nayo yakafifia, watu wakajua kuna kitu.

Na kundi likaganda.

Sauti ikinyamaza, ganda hapohapo ulipo. Sisimizi aliganda goti moja likiwa begani kwa Redio, mguu mwingine hewani. Redio, mdomo usiopumzika, alikuwa kimya kama ukuta. Na chini yao bega la Jiwe lilikuwa linateremka, kidogo kidogo, na hakuna aliyeteremka nalo. Pale palihitajika neno moja tu. Watu sita walikuwa na ndimi nzima midomoni mwao, na mwenye ruhusa ya kusema alikuwa hana.

Mwalimu alianguka magotini mbele ya Jiwe, mahali ambapo macho yake yalikuwa yanatazama, asiweze kumkwepa. Kibao kilikuwa kifuani lakini chaki ilikuwa imeanguka alipokuwa akikimbia. Akamshika shavu kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine akagusa midomo ya yule binti, akagusa tena. Kisha akatamka bila sauti, midomo ikisema peke yake: sema. Sema, mwanangu. Sema.

Jiwe akamtazama. Machozi yalikuwa yanamshuka na jasho. Akatikisa kichwa, kidogo sana, hapana. Mkekani hasemi mtu.

Mwalimu akaikunja mikono yake yote miwili mbele ya kidevu chake, akamwomba kama anavyoombwa Mungu.

"Bega langu limekwisha," akasema Jiwe.

Sauti yake ilikuwa nene, tulivu, ya mtu anayejua anachobeba. Mwalimu alikuwa hajawahi kuisikia ikisema chochote juu ya mkeka ule. "Sisimizi, rudi ulikotoka. Mguu wa kushoto kwanza. Taratibu. Redio, usimgeukie, mwache akushike. Haya, umefika kwa pacha, ruka kwa Mama mkubwa." Sisimizi akaruka, mke wa Mwalimu, aliyekuwa amekwishakimbilia mkekani, akamdaka na vazi likachanika. "Redio na mwenzako, mkiruka mruke wote pamoja, ukichelewa mmoja nitavunjika. Nikisema sasa. Subirini." Akavuta pumzi. "Sasa."

Wakaruka pamoja. Bega likatoka mahali pake kwa mlio ambao hata waliokaa nyuma waliusikia, na Jiwe akakaa chini polepole, akaegemea miguu ya pacha.

Dobi na watu wengine walikimbilia kutafuta gari. Vijana walisimama wakimzunguka, hawajui mikono yao waiweke wapi. Mwalimu alikuwa bado magotini. Alikuwa na ujuzi wa kutosha kuliangalia bega lile na kujua kwamba hata likirudishwa, halitambeba mtu tena.

"Mwalimu," akasema Jiwe, meno yanagongana kwa maumivu. "Nisamehe. Nimevunja sheria."

Akafungua mdomo, akasahau, kama anavyosahau kila siku, na upepo ukatoka shingoni, chini ya kitambaa. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Jiwe, Redio, mapacha, Sisimizi na vazi lake lililochanika. Wanangoja aseme. Hata sasa, hata baada ya haya yote, wanangoja.

Sisimizi akaiona chaki sakafuni, akaiokota, akampa. Mwalimu akaishika. Akaitazama, akakitazama kibao, akavivua vyote akaviweka chini nje ya mkeka.

Kisha akaenda katikati, mahali pa Jiwe. Akachuchumaa, mikono magotini, macho mbele, kama alivyomfundisha yule mtoto wa kunyonya kidole miaka ile yote. Akagusa bega lake mwenyewe mara moja. Akatulia, akangoja aambiwe.

Redio alifungua mdomo akaufunga. Mke wa Mwalimu alijifunika uso kwa kanga.

"Mwalimu," akasema Jiwe mwishowe, ameushika mkono wake uliokufa ganzi. "Miguu umeibana sana."

Mwalimu akaipanua miguu.

"Bado," akasema Jiwe. "Panua tena."